Hati Kabla ya Msingi: Gharama za Notari na Daftari la Ardhi katika Historia ya Ujerumani

Nchini Ujerumani nyumba huanza kula fedha kabla mchanga haujamwagwa kiwanjani. Mnunuzi wa kiwanja humlipa notari, yaani mwanasheria aliyeteuliwa na serikali kuandika na kuthibitisha mikataba ya ardhi. Hulipia pia daftari la ardhi, ambalo hutunzwa na mahakama ya wilaya, kisha hulipa kodi ya ununuzi wa ardhi. Malipo mawili ya kwanza kwa pamoja hukaribia asilimia 1.5 hadi 2 ya bei. Kodi ni kati ya asilimia 3.5 na 6.5, kutegemea jimbo. Kwa kawaida benki hutaka fedha hizo zitoke kwenye akiba ya mnunuzi, si kwenye mkopo, kwa sababu haziongezi thamani ya nyumba ambayo ndiyo dhamana yao. Hapo ndipo familia nyingi hukwama: akiba ya miaka huishia kwenye karatasi, na fundi hajaweka tofali hata moja.

Gharama hizi tatu hazikuzaliwa siku moja wala kwa sababu moja. Daftari lilianzishwa na wenye nyumba wa mijini, likakuzwa na wakopeshaji. Notari alitoka Italia, akapewa sura yake ya sasa na sheria za Ufaransa na Prussia. Kodi ndiyo ya mwisho kufika na ndiyo iliyokuja kuwa nzito kuliko zote. Anayezijua asili zake huelewa ni ipi haiwezi kuepukwa na ni ipi inaweza kupungua kwa mpango mzuri.

Kwa karne nyingi ardhi katika nchi za Wajerumani ilihamishwa kwa vitendo mbele ya watu. Muuzaji na mnunuzi walisimama barazani, muuzaji akakabidhi bonge la udongo au tawi la mti, akatamka kwamba ameiachia ardhi, na waliohudhuria wakawa ndio kumbukumbu. Utaratibu huo ulitosha vijijini, ambako watu walijuana kwa koo na mashamba hayakubadili mikono mara kwa mara. Mjini ulishindwa. Shahidi hufa, huhama, pengine hununuliwa; na katika mji wa biashara nyumba moja huweza kuuzwa, kurithiwa na kuwekwa rehani ndani ya kizazi kimoja.

Mji wa Köln ulitafuta dawa mapema. Kuanzia miaka ya 1130 hivi, wakazi wa parokia ya Mtakatifu Martin walianza kuandika mauzo ya nyumba na viwanja kwenye ngozi kubwa zilizotunzwa ndani ya sanduku. Parokia nyingine za mji zikaiga, na baadaye ngozi hizo zikawa vitabu. Hamburg ilianza kitabu chake mwaka 1248, na Lübeck nayo ilikuwa na chake katika karne hiyohiyo ya 13. Sanduku la Köln huhesabiwa kuwa chimbuko la daftari la ardhi la Ujerumani. La kuzingatia ni kwamba halikuanzishwa kwa amri ya mfalme. Waliolitaka ni wafanyabiashara wa mji wenyewe, watu waliokuwa na nyumba na waliojua hasara ya kuzigombania. Gharama ya kuandika ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kesi, na hesabu hiyo haijabadilika.

Notari alipita njia nyingine. Ufundi wake ulikomaa katika miji ya Italia ya kaskazini, hasa Bologna, ambako katika karne ya 13 Rolandino de' Passaggeri aliandika kitabu cha mafunzo kilichosomwa Ulaya nzima. Mahakama za Kanisa ndizo zilizomleta kaskazini mwa milima ya Alpi. Huko aliongezeka haraka kuliko elimu yake. Haki ya kuteua manotari iligawiwa kwa wateule wengi wa Kaisari, nao wakaitumia kwa faida yao, hivyo palikuwa na manotari wasiojua sheria na wengine wasiojua kuandika vizuri. Mwaka 1512 Kaisari Maximilian I alitoa kanuni ya manotari kwa dola yote, akiweka masharti ya nani anafaa kuteuliwa na hati iandikwe vipi. Sharti la msingi lilikuwa kwamba notari aandike yale aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, kwa lugha ambayo wahusika wanaielewa. Kwa muda mrefu, hata hivyo, kazi nyingi za ardhi zilibaki kwa mahakama na mabaraza ya miji.

Kilichombadilisha notari ni Mapinduzi ya Ufaransa. Sheria ya mwaka 1803 ilimfanya afisa wa umma mwenye cheo cha maisha, na hati yake ikapewa nguvu ya kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Sheria hiyo ilitumika pia katika ukingo wa kushoto wa mto Rhine, ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa Wafaransa. Prussia ilipoichukua Rhineland mwaka 1815 iliwaachia wakazi sheria waliyoizoea. Alama yake ipo hadi leo: notari wa Köln hafanyi kazi nyingine yoyote, ilhali notari wa Berlin au wa Hessen kwa kawaida ni wakili pia.

Kabla ya hapo, upande wa mashariki, Prussia ilikuwa imeanza kujenga daftari kwa sababu isiyofanana na ile ya Köln. Hofu yake ilikuwa deni. Mwaka 1722 ilitolewa sheria ya rehani na ufilisi iliyotaka madeni yaliyo juu ya ardhi yaandikwe kitabuni. Vita vya Miaka Saba, vya 1756 hadi 1763, viliwaacha mabwana wa mashamba, hasa wa Silesia, wakiwa wamezama katika madeni, na hakuna tajiri aliyetaka kukopesha bila kujua ni nani wengine wanaidai ardhi ileile. Kutoka hapo likazaliwa wazo la vyama vya mikopo ya mashamba, kisha kanuni kubwa ya rehani ya mwaka 1783, iliyotaka kila shamba na nyumba viwe na ukurasa wake. Mwishowe, mnamo 5 Mei 1872, Prussia ilitunga sheria zilizofanya kuandikwa daftarini kuwa ndiyo njia ya kupata umiliki wa ardhi iliyonunuliwa. Mtu aliweza kuwa amelipa fedha zote na kukabidhiwa funguo, lakini kama jina lake halimo, ardhi ilikuwa bado ya muuzaji.

Asili hii ya deni inaeleza jambo linalowashangaza wajenzi wengi: kwamba hulipa mara mbili. Hulipa kwa ajili ya umiliki, na hulipa tena kwa ajili ya rehani ya benki, kwa notari na kwa daftari pia. Ukurasa wa daftari wenyewe umepangwa kwa mantiki hiyo. Kwanza huelezwa kiwanja kilivyo, kisha hufuata sehemu tatu: ya mmiliki, ya mizigo kama vile haki ya jirani kupita, na ya rehani. Sehemu ya tatu haikuongezwa baadaye kwa faida ya mabenki. Kihistoria ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu.

Dola ya Ujerumani ilipoungana mwaka 1871, kila nchi ndani yake ilikuwa na utaratibu wake. Kanuni ya Sheria za Kiraia, ijulikanayo kwa kifupi BGB, ilipitishwa mwaka 1896 na kuanza kutumika 1 Januari 1900. Sheria ya daftari la ardhi ya mwaka 1897 ikaenda nayo sambamba. Hizi mbili ndizo zilizoweka mlolongo ambao mjenzi wa leo bado anaupita. Mkataba wa kuuza ardhi hauna nguvu usipothibitishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kumlinda raia: asiuze urithi wake kwa papara, asinunue asichokielewa, na kuwe na mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote ambaye atasoma kila neno kwa sauti mbele ya wote wawili. Kusoma kwa sauti ni sharti mpaka leo. Lile tendo la kale la kuiachia ardhi nalo halikufutwa: muuzaji na mnunuzi, wao wenyewe au wawakilishi wao, lazima watamke makubaliano ya kuhamisha umiliki wakiwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Awali mahakama nazo ziliweza kuthibitisha mkataba. Kuanzia 1970 kazi hiyo iliachwa karibu yote kwa manotari.

Kati ya kutia sahihi na jina kuandikwa daftarini huweza kupita wiki au miezi, na katika mwanya huo muuzaji asiye mwaminifu angeweza kuuza mara ya pili. BGB iliuziba mwanya kwa maandishi ya tahadhari: mara tu baada ya mkataba, haki ya mnunuzi huwekwa daftarini, na lolote litakalofanywa na muuzaji baada ya hapo halimdhuru. Kwa kawaida mnunuzi halipi bei kabla tahadhari hiyo haijaandikwa. Ada yake ni nusu ya ada ya kumwandika mmiliki. Katika Afrika Mashariki, ambako kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili au watatu ni balaa linalojulikana kila mtaa, thamani ya ukurasa huo inaeleweka bila maelezo marefu. Pengine hakuna ada katika orodha nzima inayostahili kulipwa kwa moyo mkunjufu kama hiyo.

Daftari hilo lilivuka bahari. Mwaka 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya taji, isipokuwa pale ambapo mtu, chifu au jamii ingethibitisha haki yake. Mzigo wa kuthibitisha uliwaangukia wenyeji. Katika pwani, baadhi ya wenye mashamba na nyumba walikuwa na hati zilizoandikwa mbele ya kadhi au liwali. Bara, ambako haki ya shamba ilijulikana kwa kulima, kwa makaburi ya wazee na kwa ushahidi wa majirani, hapakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mwaka 1902 amri nyingine ya Kaisari ilipanga haki za ardhi katika makoloni kwa mfano wa sheria mpya ya nyumbani, pamoja na daftari lake. Huko Köln kitabu kiliwalinda walioandika. Katika koloni kitabu kilekile kiliwanyang'anya wasioandika, na kukiita chombo cha usalama bila kulitaja hilo ni kuacha nusu ya historia yake.

Palikuwa na mgongano mwingine. Sheria ya Kijerumani inaihesabu nyumba kuwa sehemu ya ardhi iliyoibeba: mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba. Desturi ya pwani ilikuwa tofauti. Mtu aliweza kumiliki minazi bila kuimiliki ardhi iliyooteshwa, na aliweza kujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine akalipa kodi ya ardhi. Mitaa ya Majengo ya Mombasa ilikua kwa utaratibu huo, na nyumba bila ardhi bado zipo. Ukurasa wa daftari la Kijerumani, wenye nafasi ya mmiliki mmoja wa vyote viwili, haukuwa na mahali pa kuiweka desturi hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu kubwa ya koloni hilo ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na mali za Wajerumani zilitwaliwa na kuuzwa. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi kuwa ya umma na kumpa mjenzi haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Milki za kudumu zilizotokana na enzi ya Wajerumani, zilizokuwa takriban asilimia 1 tu ya ardhi ya nchi, zilibaki hadi baada ya uhuru. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilizigeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 zikawa haki za kumiliki kwa muda kama nyinginezo.

Ujerumani yenyewe iligundua baadaye kwamba ardhi na nyumba zinaweza kutengana. Mwaka 1919, katika njaa ya makazi iliyofuata vita, ilitungwa sheria iliyoimarisha haki ya kujenga juu ya ardhi ya mwingine kwa muda mrefu, mara nyingi miaka 99, kwa malipo ya kila mwaka. Kanisa na manispaa zilikuwa watoaji wakubwa wa viwanja hivyo, na kwa familia isiyo na fedha za kununua ardhi ilikuwa njia ya kupunguza mzigo wa mwanzo. Haki hiyo nayo hupita kwa notari, na hupewa ukurasa wake daftarini.

Mwaka huohuo wa 1919 dola ilitunga sheria moja ya kodi ya ununuzi wa ardhi badala ya ushuru wa aina nyingi uliokuwa ukitozwa na miji na majimbo. Wakati ule haikuwa na uzito ilio nao sasa, kwa sababu misamaha iliongezeka mwaka baada ya mwaka, mingine kwa ajili ya wajenzi wa makazi.

Ada za notari na daftari ziliwekwa kwenye kanuni moja ya nchi nzima mnamo Novemba 1935, na msingi wake haujatikiswa tangu hapo: ada hufuata thamani ya shughuli, haifuati saa za kazi. Mkataba wa nyumba ya thamani ndogo unaweza kumchosha notari kuliko wa jumba la kifahari, lakini ada yake ni ndogo. Kwa hiyo mwenye nyumba kubwa humsaidia mwenye nyumba ndogo kupata huduma ileile. Notari hatakiwi kupunguza ada wala kuiongeza, na makubaliano yoyote ya aina hiyo ni batili. Mara nyingi utaratibu huu hulaumiwa kuwa ghali. Kwa mnunuzi wa kiwanja cha kawaida ni miongoni mwa mambo ya haki zaidi katika shughuli nzima, kwa kuwa hakuna sababu ya kuzunguka kutafuta notari wa bei nafuu, wala notari hana sababu ya kumpendelea mteja mkubwa.

Miaka hiyohiyo ilionyesha mpaka wa uaminifu wa vitabu. Kuanzia 1933 manotari Wayahudi walianza kufukuzwa, na kufikia mwisho wa 1935 walikuwa wameondolewa wote. Kanuni ya manotari ya mwaka 1937 iliijenga taaluma upya bila wao. Amri ya Desemba 1938 iliruhusu Wayahudi kulazimishwa kuuza ardhi na nyumba zao. Mauzo hayo yalisomwa kwa sauti, yakatiwa sahihi, yakalipiwa ada na kuandikwa daftarini kwa mwandiko safi kama mauzo mengine yote. Hati ilikuwa kamili, na haki haikuwamo. Baada ya vita, sheria namba 59 ya serikali ya kijeshi ya Marekani, ya Novemba 1947, ilifungua njia ya kurejesha mali hizo katika eneo lake, na maandishi ya zamani ya daftari, pamoja na majina yaliyofutwa kwa mstari, yakawa ushahidi wa walionyang'anywa.

Upande wa mashariki, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani iliyatoa madaftari mahakamani mwaka 1952 na kuyapeleka kwenye ofisi za utawala. Ardhi nyingi ikawa mali ya umma, na raia akapewa haki ya kujenga juu yake; nyumba ikawa yake, ardhi ikabaki ya taifa. Madaftari mengi yaliyofungwa yalirundikwa katika kasri la Barby, karibu na mto Elbe. Ujerumani ilipoungana tena mwaka 1990, warithi wa wamiliki wa zamani walidai ardhi zao, na familia zilizojenga kihalali zilijikuta zikiishi ndani ya nyumba zao juu ya ardhi ya watu wengine. Kurasa za Barby zilianza kufunguliwa tena. Sheria ya mwaka 1994 ilitafuta ulinganifu: mwenye nyumba aliruhusiwa kununua ardhi iliyo chini yake kwa nusu ya thamani yake ya soko, au kuipanga kwa muda mrefu kwa kodi iliyopunguzwa. Ni suluhisho lililoumiza pande zote mbili kwa kiasi, na huenda ndiyo sababu lilidumu.

Sheria ya Desemba 1993 ilikuwa imeruhusu daftari kuhamia kwenye kompyuta. Kusini-magharibi mabadiliko yalichelewa zaidi. Katika Baden-Württemberg ofisi za daftari zilikuwa zimetawanyika katika manispaa, na sehemu kubwa ya manotari walikuwa watumishi wa serikali; mfumo huo ulivunjwa mwishoni mwa 2017 na madaftari yakakusanywa kwenye mahakama chache.

Kodi, kwa upande wake, ilikuwa imegeuka. Mwaka 1983 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 2, lakini misamaha mingi ikafutwa, hivyo karibu kila mnunuzi akaanza kulipa. Mwaka 1997 kiwango kilipandishwa hadi 3.5. Kisha, kuanzia Septemba 2006, kila jimbo lilipewa uhuru wa kupanga kiwango chake. Berlin ilitangulia mwaka 2007 kwa 4.5. Mengine yakafuata, na Nordrhein-Westfalen ikafika 6.5 mwaka 2015. Bavaria haikupandisha, ilibaki na 3.5. Bei za ardhi nazo zilikuwa zikipanda wakati huohuo, kwa hiyo mnunuzi alipigwa pande mbili: asilimia kubwa zaidi ya bei kubwa zaidi. Serikali za majimbo zimeifanya kodi hii kuwa chanzo rahisi cha mapato, na wanaoibeba kwa taabu zaidi ni wale wanaonunua kiwanja chao cha kwanza na pekee.

Mwaka 2013 kanuni mpya ya ada za mahakama na manotari ilichukua nafasi ya ile iliyotokana na ya 1935. Hesabu yake hufanywa kwa jedwali. Katika jedwali la 2013, kwa thamani ya euro 100,000 ada moja kamili ni euro 273. Kwa 200,000 ni 435. Kwa 300,000 ni 635. Mkataba wa kununua hutozwa ada mbili, na mara nyingi huongezwa nusu ada kwa ajili ya kukusanya vibali na nusu nyingine kwa ajili ya kusimamia malipo. Daftari hutoza ada moja kwa kumwandika mmiliki na nusu kwa maandishi ya tahadhari. Rehani hutozwa ada moja kwa notari na moja kwa daftari. Malipo ya notari huongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19. Ya daftari hayaongezewi. Kodi ya ununuzi huenda ofisi ya mapato, na daftari haliandiki jina jipya kabla ofisi hiyo haijatoa cheti kwamba haina pingamizi.

Chukua familia inayonunua kiwanja cha euro 100,000 katika Nordrhein-Westfalen, ikaweka rehani ya 200,000, na kujenga kwa mkandarasi asiye na uhusiano wowote na muuzaji wa kiwanja. Kwa jedwali la 2013, notari wa mkataba hugharimu takriban euro 975 pamoja na kodi, na daftari takriban 410. Rehani huongeza takriban 518 kwa notari na 435 kwa daftari. Jumla ni karibu euro 2,340, ukiacha posta na nakala. Kodi ya ununuzi ni euro 6,500. Familia ya pili inanunua kutoka kwa kampuni moja kiwanja na nyumba itakayojengwa, kwa jumla ya 300,000, kwa rehani ileile. Notari na daftari huwa karibu euro 4,170, na kodi huruka hadi 19,500, kwa sababu nyumba ambayo bado haijajengwa huhesabiwa pamoja na ardhi. Mahakama ya juu ya kodi ya Ujerumani imeshikilia msimamo huo kwa miaka mingi: mkataba wa kiwanja na wa ujenzi ukifungamana, hata kama umeandikwa kwenye karatasi mbili tofauti, ni ununuzi mmoja. Kuwatumia muuzaji na mjenzi wanaojifanya hawahusiani hakusaidii. Uhuru wa kumchagua mjenzi lazima uwe wa kweli.

Tofauti ya euro 13,000 kati ya familia hizo kwenye kodi peke yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ada zote za notari na daftari. Hata hivyo katika mazungumzo ya wajenzi lawama humwangukia notari, kwa kuwa ndiye anayeonekana ofisini, na bili yake hufika mapema.

Kwa wakazi wa Ujerumani wasioijua lugha ya nchi, wakiwamo wanaozungumza Kiswahili, kuna gharama moja zaidi. Hati lazima isomwe kwa lugha wanayoielewa. Notari asipoijua, huitwa mkalimani, na ujira wake huingia katika bajeti. Na kwa wanunuzi wote, tangu Aprili 2023 bei ya ardhi hairuhusiwi kulipwa kwa fedha taslimu.

Sheria inataka mnunuzi wa kawaida anayenunua kwa mfanyabiashara apate rasimu ya mkataba wiki mbili kabla ya siku ya kutia sahihi, na tangu 2013 notari ndiye anayepaswa kumpelekea. Muda huo unatosha kumwomba notari makadirio ya ada, kuuliza kiwango cha kodi cha jimbo, na kusoma kama mkataba wa kiwanja unamfunga mnunuzi kwa mjenzi fulani. Kujibu maswali kuhusu rasimu ni sehemu ya kazi ambayo ada ya mkataba inailipia, na mnunuzi aulize kabla ya sahihi, kwa kuwa ikishawekwa, hesabu ya kodi ni vigumu kuibadilisha.